Chanzo cha ajali ya Lufthansa Nairobi mwaka 1974

Novemba 20, 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747, iliyokuwa ikielekea Johannesburg kutoka Frankfurt, ilianguka punde tu baada ya kupaa kutoka uwanja wa Embakasi, Nairobi. Kati ya watu 157 waliokuwemo, 59 walifariki. Hakuna aliyekuwa amefia katika ajali ya ndege ya aina hiyo kabla ya siku hiyo.

Wachunguzi walibaini kuwa vibawa vilivyo kwenye ukingo wa mbele wa mabawa havikuwa vimefunguka. Vibawa hivyo huiinua ndege ingali na mwendo mdogo, navyo huendeshwa kwa hewa itokayo kwenye injini. Vali za kupitisha hewa hiyo zilikuwa zimefungwa.

Kimo nacho kilichangia. Makindu iko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Embakasi imepita mita 1,600, ambako hewa ni nyepesi na uwezo wa bawa kuinua ndege hupungua.

Mhandisi wa ndege hiyo alishtakiwa, lakini baadaye mahakama ikamwondolea hatia. Marubani hawakuwa na king'ora cha kuwatahadharisha kuhusu kasoro hiyo. Boeing iliongeza mfumo huo baada ya msiba. Binadamu husahau, hivyo mtambo sharti umkumbushe.