Kupiga filme ku mikoko ya Muanda: ruhusa haiombwi ukiwa umeshafika



Siku hizi kila mmoja wetu iko na simu inayopiga video safi, na tunawaza kwamba simu mkononi ni ruhusa tayari. Mimi pia niliwaza vile. Kisha kumaliza lisansi yangu ya agronomia, rafiki mmoja wa Kinshasa akaniomba tutengeneze filme ya dakika 15 juu ya mikoko ya Muanda: yeye kamera, mimi maelezo. Tukapanda gari, tukapita Matadi, tukapita Boma, tukafika. Kesho yake asubuhi tuko tunaingia mu mtumbwi, ajenti wa parke akatuuliza neno moja: "Karatasi iko wapi?" Tukatoa barua ya kututambulisha kama wanafunzi. Haikusema filme, haikuwa na tarehe ya kazi. Yule ajenti alikuwa na haki. Tulirudi Kinshasa makuta imeisha, bila picha hata moja. Naandika hapa juu wewe usilipe ile safari mara mbili.

Kwanza tujue pale ni wapi. Kongo yetu, na ukubwa wake wote, iko na pwani ya karibu kilometa 40 tu. Parc Marin des Mangroves iko palepale, ku mdomo wa mto Kongo, na ng'ambo ya mto ni Angola. Iliundwa mwaka 1992, na mwaka 1996 ikaandikwa mu orodha ya Ramsar, ule mkataba wa dunia wa kulinda maeneo ya maji. Mikoko ni miti inayoishi mu matope ya maji ya chumvi, na mizizi yake inasimama inje kama miguu. Samaki wadogo wanajificha mule mpaka wakomae. Ukikata mikoko, mvuvi atasikia njaa mbele yako. Kuko pia lamantini, na kasa, ndiyo kobe wa bahari, wanaopanda ku mchanga usiku kutaga mayai. Taa moja ya kamera inaweza kumrudisha kasa mu maji bila kutaga. Ndiyo maana ruhusa si mambo ya kusumbua watu tu. Tena ongeza hii: ni mpaka wa inchi, na visima vya petroli viko karibu. Mtu mwenye kamera pale anaulizwa maswali, na ni kawaida.

Sasa, namna tulivyofanya mara ya pili:

1. Barua ya ombi inaenda kwa ICCN, ile institi ya serkali inayosimamia maparke yote. Makao makuu iko Kinshasa. Kopi moja tulipeleka kwa mkubwa wa parke Muanda. Tuliandika: sisi ni nani, filme ni ya nini, itaonyeshwa wapi, tarehe, sehemu kwa majina yake, idadi ya watu na vyombo. Neno "filme ya masomo" na neno "filme ya kuuzwa" hayafanani. Sema ukweli, juu njia na malipo vinaweza kubadilika.

2. Ku barua tulibandika ukurasa mmoja wa maelezo ya filme, fotokopi za karti za uchaguzi, na karatasi ya misioni yenye kashe.

3. Usiache barua bila akize. Ile kopi yako yenye kashe, tarehe na sinyatiri ya aliyepokea, njo mguu wako wa kusimamia. Bila ile, kisha wiki mbili utaambiwa hakuna barua yako, na hautakuwa na cha kujibu.

4. Malipo: usifuate bei ya kusikia ku njia. Omba bei iliyoandikwa, lipa ku kaisa, beba risiti. Mtu akikwambia "tuelewane hapa tu", ruhusa yako itakufa siku yeye atahamishwa.

5. Droni iko na njia yake ingine: ya watu wa usafiri wa anga na wa usalama. Ruhusa ya parke peke yake haitoshi. Sisi tuliacha droni Kinshasa, na filme haikukosa kitu.

6. Ukifika, jionyeshe: biro ya parke, teritware, kisha chefu wa kijiji. Beba fotokopi kumi. Na uulize wavuvi saa ya maji kupanda na kushuka, juu maji yakishuka mtumbwi unabaki mu matope na siku yako imekwisha.

Jibu lilichelewa, lakini lilikuja. Safari hii tuliingia na ajenti mmoja wa kutusindikiza. Nikawaza kila kitu kimekamilika. Kumbe hapana.

Ku kijiji kimoja tukakuta mama mmoja anakausha samaki kwa moshi, na kuni zake zilikuwa za mikoko. Kwa filme yetu, ile njo ilikuwa picha tuliyoitafuta. Rafiki yangu akainua kamera. Mama akafunika uso na kitambaa. Sisi watu wa Mashariki Swahili yetu haifiki kule. Kijana mmoja akatutafsiria toka Kikongo. Mama alisema: "Karatasi yenu inasema miti. Mimi si mti. Mukionyesha sura yangu na hizi kuni, kesho nani atakuja hapa kwangu?"

Ajenti alikuwa pembeni, ananyamaza. Tulishusha kamera. Mimi agronome niliyekuja kueleza watu ubaya wa kukata mikoko, sikuwa na jibu kuhusu kuni gani ingine angetumia jioni ile.

Tukakaa, tukaongea bila kamera karibu saa moja. Mwisho alikubali mikono yake tu ipigwe, na samaki, bila sura na bila jina la kijiji. Ile mikono njo sehemu watu wanauliza zaidi wakiona filme.

Kwa hiyo muongeze namba 7 ku orodha: serkali inakupa ruhusa ya mahali, lakini ya mtu, unaiomba kwake mwenyewe, mu luga anayosikia, na akikataa, umekataliwa. Anza barua zako miezi mbili mbele. Na ile ya saba, beba muda wake pia.