Wahesabuji wa Ndege katika Mto wa Los Angeles

Ni nani awezaye kuupenda mto wa saruji? Ndivyo ulivyo, kwa sehemu kubwa ya urefu wake, mto wa Los Angeles katika nchi ya Marekani. Tarehe 2 Augusti 1769 Padri Juan Crespí, Mfransisko, aliufikia pamoja na msafara wa Wahispania. Ukapewa jina la Bikira Maria wa Malaika wa Porsiunkula, maana siku hizo ni sikukuu ya kanisa dogo la Porsiunkula, alilolipenda Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Wakati ule kingo zake zilikuwa na miti mingi na mizabibu ya mwituni. Baadaye mji ulikua, na mwaka 1938 mafuriko makubwa yaliua watu na kubomoa nyumba. Basi wahandisi wa jeshi wakaufunga mto kwa saruji, ili maji yakimbilie baharini upesi.

Tangu hapo wengi waliudharau kama mtaro wa takataka. Lakini ndege hawakuudharau. Kila mwaka, tangu mwezi wa saba hata wa tisa, chamchanga wadogo hushuka kutoka Alaska, walikoanguliwa, wakielekea pwani za kusini, wengine hata Peru. Uzito wa mmoja ni kama gramu 25 tu! Safari ya namna hiyo haiwezekani bila vituo vya chakula, na mabwawa ya pwani ya Kalifornia yamefukiwa kwa sehemu kubwa ili kujenga nyumba na bandari. Lakini karibu na Long Beach, mahali mto unapoikaribia bahari, maji hutandaa juu ya sakafu ya saruji kama kitambaa chembamba. Mwani huota humo, na katika mwani huzaliwa wadudu wadogo. Ndege hula, hupata nguvu, huondoka.

Mambo haya yamejulikanaje? Kwa sababu wako watu wasiolipwa cho chote, ambao huenda ukingoni na kuhesabu. Desturi hii si ngeni kwao: wakati wa Noeli ya mwaka 1900 watu 27 waliwahesabu ndege, badala ya kushindana kuwaua kama wawindaji walivyofanya siku hiyo.

Kazi yenyewe yataka uvumilivu. Mmoja hutazama kwa darubini, mwingine huandika. Hufuata upande mmoja, wasije wakamhesabu ndege mara mbili. Kundi likiwa kubwa, huhesabu kumi, hutazama nafasi waliyoishika hao kumi, kisha hulipima kundi zima kwa kumi-kumi. Ziko namna mbili za chamchanga zifananazo sana. Wengine miguu yao ni myeusi, wengine ya manjano. Asiyeiona miguu habahatishi; huandika tu: chamchanga mdogo. Na asipoona ndege huandika sifuri, kwani sifuri nayo ni ushahidi.

Wakati wa kiangazi, sehemu kubwa ya maji ya mto huu ni maji machafu ya mji yaliyokwisha kusafishwa. Sasa miji, kwa kuogopa ukame, inataka kuyatumia tena. Nia hiyo si mbaya, maana watu wana kiu. Lakini yakipunguzwa mno, kile kitambaa cha maji kitakauka, na wageni watakosa meza yao. Mtu akisema, «Mtaro ule hauna kitu», daftari humjibu kwamba maelfu ya ndege walikula pale. Pasipo daftari, nani angewatetea?

Wasomaji wapendwa, sisi nasi tunao wageni. Chamchanga wa Ulaya huja kukaa kando ya mito ya Kongo wakati kwao ni baridi. Mara nyingi yuko peke yake juu ya mawe, akitikisa mkia bila kuchoka. Mwanafunzi avukaye daraja kila asubuhi aweza kuandika tarehe, saa na idadi. Bwana wetu alifundisha kwamba hata shomoro mmoja hasahauliwi na Mungu. Basi tusione haya kuwahesabu viumbe vyake, na tuandike kweli tupu.