Flasha ya Magari Makubwa: Kuichagua na Kuibadilisha

Barabara itokayo Mbinga kwenda Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66, huteremka kutoka milima ya kahawa hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, ulio kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Lori livutalo tela likishuka kona zile, au likiendelea kuelekea vijiji vya ziwani kama Lipingo, dereva wake hawezi kuziona taa za nyuma ya tela. Azionaye ni mwenye gari lililo nyuma, ambaye pengine anangoja nafasi ya kupita. Habari za taa hizo humfikia dereva kwa njia ya kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho mafundi hukiita flasha.

Flasha hukata na kuunga umeme uendao kwenye taa za kuashiria kona. Kanuni za Umoja wa Mataifa zataka taa hizo zimweke kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Flasha za zamani zilifanya kazi kwa joto: umeme ulipopita, waya au bamba la ndani lilipata moto, likapinda, likakata njia, lilipopoa likaunga tena. Za siku hizi hupima muda kwa kapasita, na wakati huohuo hupima nguvu ya umeme unaopita. Balbu moja ikiungua, umeme hupungua, nayo flasha huharakisha mwendo karibu mara mbili.

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Dereva husikia mlio wa haraka, akadhani flasha imeharibika, akanunua nyingine. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa ikimwarifu kwamba balbu imeungua au waya wa ardhi wa tela umeshika kutu. Baya zaidi ni kumwekea flasha isiyopima chochote, eti kwa kuwa ni imara. Mlio utakuwa wa kawaida, na nyuma ya tela kutabaki giza.

Kwa hiyo kwanza zikaguliwe balbu, soketi na plagi ya tela. Kisha flasha ing'olewe, na matundu mawili, la umeme uingiapo na la umeme uendao kwenye taa, yaunganishwe kwa waya mfupi kwa nukta chache, fyuzi ikiwa mahali pake. Swichi ya kona ikiwashwa na taa zikawaka bila kumweka, nyaya ni nzima na flasha ndiyo mbovu.

Katika kununua, yasomwe maandishi ya ubavuni. Malori mengi hutumia volti 24. Flasha ya volti 12 ikiwekwa humo itaungua. Maandishi 2+1(6)×21W maana yake ni taa mbili za lori na moja ya tela kwa upande mmoja, au sita zikimweka pamoja wakati wa dharura, kila moja ya wati 21. Taa tatu ni wati 63, yaani kama ampea 2.6, sita ni wati 126, yaani ampea 5.25. Flasha iliyotengenezwa kwa lori lisilo na tela haifai hapo.

Miguu nayo ina alama zake. Katika magari mengi ya Ulaya, 49 ni umeme uingiao, 49a ni uendao kwenye taa, na 31 ni ardhi. Katika ya Kijapani hizo ni B, L na E. Umbo likifanana, mpangilio waweza kuwa tofauti, na kukosea hapo kwaweza kuiunguza flasha mpya papo hapo.

Taa za LED hutumia umeme mchache mno, hata flasha ya kawaida hudhani balbu zote zimekufa. Wengine huongeza kipinga sambamba na taa. Kipinga hicho hupata moto mkali, na taa ikifa chenyewe huendelea kuvuta umeme, hivyo flasha haigundui lolote. Afadhali inunuliwe flasha iliyotengenezwa kwa taa hizo.

Kazi ikiisha, injini iwashwe, tela likiwa limeungwa, na mtu asimame nyuma ahesabu mimweko kwa dakika nzima: kulia, kushoto, kisha zote pamoja.