Kukijaribu Kibano cha Springi za Gari

Wenyeji wa Somanda, mjini Bariadi, na wa Mkoa wote wa Simiyu, wajua jinsi njia za vijijini zichoshavyo springi za magari. Wako wapendao kuzibadili nyumbani, kwa kibano chenye kulabu na parafujo ndefu. Basi twaona yafaa kueleza kwamba kibano hakiaminiwi kabla ya kujaribiwa.

Springi iliyobanwa huficha nguvu nyingi. Mathalan, springi ihitajiyo uzito wa kilo 20 ipate kufupika sentimita 1, ikifupishwa sentimita 10 husukuma kwa uzito wa kilo 200. Kulabu ikiteleza, springi huruka, nayo yaweza kuua.

Kwanza, safisha kibano ukikague. Penye ufa, au meno ya parafujo yaliyolika, kisitumiwe kamwe. Pili, tia grisi katika parafujo. Tatu, chukua springi kuukuu iliyokwisha kutolewa garini, uifunge vibano viwili vielekeanavyo, na kuizungushia mnyororo. Nne, kaza kidogo kidogo kwa spana ya mkono, nusu mzunguko huku na nusu huku, wala usisimame mbele ya ncha za springi. Ikipinda upande, ilegeze polepole uanze upya.

Ukiisha, legeza kwa utaratibu uleule, ukague tena. Ikiwa parafujo imepinda au nati yakwama, kibano hicho hakifai. Bei ya kibano kipya haifiki thamani ya jicho moja.