Filamu za farasi: nani hupata, nani hupoteza

Kati ya filamu zote za michezo, hakuna inayomtesa mhasibu kama filamu ya mbio za farasi. Filamu ya ndondi huhitaji ulingo, mabondia wawili na umati wa kushangilia. “Rocky” ya mwaka 1976 ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 1, ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani na kunyakua Oscar ya filamu bora. Filamu ya farasi huanza na mnyama wa nusu tani ambaye hajui kwamba anaigiza. Huchoka, huogopa, na hawezi kurudia mbio zilezile tangu asubuhi hadi jioni ili mpigapicha aridhike.

Hata hivyo, studio kubwa hazijaiacha biashara hii. Mwaka 1944 kampuni ya MGM ilimweka Elizabeth Taylor, wakati huo akiwa bado mtoto, juu ya farasi katika “National Velvet”, hadithi ya msichana wa Kiingereza anayeota kushinda mbio za Grand National. Tangu hapo kila kizazi kimepata filamu yake ya farasi, na kila kizazi kimekuwa na wawekezaji waliocheka na waliolia. Ukizipitia hesabu zao unagundua kwamba umaarufu wa farasi hausaidii sana kuamua nani atapata faida. Yenye uzito ni mambo mawili: bajeti iliyopimwa kwa ukubwa wa soko ambalo hadithi inaweza kulifikia, na binadamu aliye kando ya farasi, ambaye mtazamaji asiyejua lolote kuhusu mbio anaweza kumwelewa.

Mizania ya Seabiscuit

Mfano unaofundisha zaidi ni “Seabiscuit” ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Gary Ross. Farasi mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo na asiyetazamiwa makubwa. Mwaka 1936 Charles Howard, tajiri wa kuuza magari huko San Francisco, alimnunua kwa dola 8,000. Tarehe 1 Novemba 1938, katika uwanja wa Pimlico mjini Baltimore, farasi huyo alimshinda War Admiral, bingwa aliyekuwa akipewa nafasi kubwa zaidi, huku mamilioni ya Wamarekani wakisikiliza redioni. Mwandishi Laura Hillenbrand aliyafufua hayo katika kitabu cha mwaka 2001 ambacho kiliuzwa kwa mamilioni ya nakala. Filamu ilipotoka, hadithi ilikuwa imekwisha kupimwa sokoni, na hiyo ni nafuu kwa mfanyabiashara yeyote.

Bajeti ilifika takriban dola milioni 87. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar 7, ikiwemo ya filamu bora, na tiketi zake duniani zilifikia takriban dola milioni 148. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni faida nono. Kwa mhasibu, hesabu ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya fedha za tiketi. Ukigawa 148 kwa mbili unapata 74, nayo ni pungufu ya gharama ya kuitengeneza kabla hata hujalipia matangazo. Filamu hiyo ilikuwa na bahati ya kutoka wakati biashara ya DVD imepamba moto na familia za Marekani zikinunua filamu za kuweka nyumbani. Leo mlango huo wa pili wa mapato umebaki mwembamba, na mtayarishaji wa sasa hawezi kuuwekea matumaini yake.

Nambari inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni nyingine. Kati ya hizo dola milioni 148, takriban 120 zilitoka Marekani na Kanada. Dunia nzima iliyobaki ilichangia 28 tu. Miaka saba baadaye Disney ilitoa “Secretariat”, hadithi ya farasi aliyeshinda mbio tatu kuu za Marekani mwaka 1973 na kumaliza ile ya Belmont akiwa amewaacha wenzake kwa urefu wa farasi 31. Filamu iligharimu takriban dola milioni 35 na kuingiza takriban milioni 60. Mapato ya nje ya Marekani na Kanada hayakufika hata dola milioni 1.

Maana yake ni kwamba mbio za farasi ni mali ya nyumbani. Mtu wa Kentucky anaposikia neno Belmont, moyo unamdunda. Mtu wa Seoul au Mwanza anahitaji kuelezwa kwanza, na filamu inayoanza kwa maelezo imekwisha kupoteza nusu ya nguvu zake. Disney ilifanya vyema kuibana bajeti ya “Secretariat” ikilinganishwa na ile ya “Seabiscuit”. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imejifunza kwa gharama mwaka 2004, pale “Hidalgo”, filamu ya mbio ndefu za jangwani iliyopigwa kwa sehemu huko Morocco, ilipokula fedha nyingi na kuingiza takriban dola milioni 108 tu duniani.

Linganisha na “War Horse” ya Steven Spielberg, iliyotoka mwaka 2011 kutokana na riwaya ya Michael Morpurgo. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 66 na mapato yakazidi milioni 170, zaidi ya nusu yakitoka nje ya Marekani. Humo hakuna kombe wala kanuni za mashindano za kufafanua. Kuna kijana aliyenyang’anywa mnyama anayempenda na vita vinavyowatenganisha. Hilo linaeleweka popote penye mfugaji.

Fedha huishia wapi

Farasi mmoja unayemwona kwenye pazia kwa kawaida ni farasi kadhaa. Mmoja anakimbia vizuri, mwingine ametulia na anakubali kusimama karibu na kamera, wa tatu amefundishwa kuinua miguu ya mbele. Katika “Secretariat” nafasi ya shujaa ilijazwa na farasi watano. Wote hulazimika kufanana rangi, na wasipofanana, alama nyeupe za usoni na miguuni hupakwa kama mwigizaji anavyopakwa poda.

Kisha kuna watu. Kazi ya kutafuta, kununua na kufundisha farasi wa sinema iko mikononi mwa mafundi wachache. Rusty Hendrickson, kwa mfano, alisimamia farasi wa “Seabiscuit” na pia wa “Secretariat”. Katika “Seabiscuit”, mpanda farasi mashuhuri Gary Stevens aliigiza nafasi ya George Woolf, mpanda farasi wa enzi hizo, na bingwa mwingine aliyestaafu, Chris McCarron, akapewa jukumu la kuzipanga mbio hatua kwa hatua ili zionekane za kweli bila kumhatarisha mtu wala mnyama. Nyuso za waigizaji zilipohitaji kuonekana kwa karibu, walikalishwa juu ya farasi bandia aliyefungwa kwenye gari la kamera.

Umati nao ni gharama. Kujaza jukwaa la uwanja kwa watu wa kulipwa posho, chakula na mavazi ya miaka ya 1930 kungefilisi uzalishaji. Watengenezaji wa “Seabiscuit” walijaza viti kwa maelfu ya sanamu za kupuliza hewa zilizovishwa nguo na kofia, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni inayokodisha umati wa aina hiyo kwa filamu nyingine. Mahali pa kupigia picha pia huchaguliwa kwa kalamu ya mhasibu. Sehemu ya “Secretariat” ilipigwa Louisiana, jimbo lililokuwa likiwapa watengenezaji wa filamu nafuu ya kodi, ingawa hadithi yenyewe inahusu Virginia, Kentucky na New York.

Gharama isiyofaa kupunguzwa

Ipo gharama moja ambayo tasnia hii iliwahi kuikwepa, ikalipa kwa aibu. Mwaka 1936, wakati wa kutengeneza “The Charge of the Light Brigade”, farasi waliangushwa kwa waya zilizotegwa miguuni, na wengi wakafa. Mwaka 1939, katika “Jesse James”, farasi alisukumwa kutoka kwenye jabali refu akafa. Hasira ya wananchi iliipa shirika la American Humane nafasi ya kuanza kusimamia usalama wa wanyama Hollywood, na kutokana na usimamizi huo ndipo watazamaji wakaizoea ile taarifa ya mwisho wa filamu kwamba hakuna mnyama aliyeumizwa.

Usimamizi haukumaliza tatizo. Machi 2012 kituo cha HBO kiliufunga mfululizo wa “Luck”, uliohusu uwanja wa Santa Anita na kumshirikisha Dustin Hoffman, baada ya farasi watatu kufa katika kipindi cha utengenezaji. Msimu wa pili ulikuwa umekwisha kuanza kupigwa. Vituo vya televisheni huvumilia hasara ya fedha kwa muda, lakini kifo cha mnyama kazini hakivumiliki, wala hakipaswi kuvumilika. Farasi hakusaini mkataba. Daktari wa mifugo, siku za mapumziko, ardhi laini ya kukimbilia na ukomo wa marudio kwa siku ni vifungu vya bajeti vyenye haki sawa na mshahara wa nyota. Mtayarishaji asiyeweza kuvilipia aandike hadithi nyingine.

Hisa, ushirika na hadithi inayolipa

Filamu hizi zina mvuto mwingine ambao wasomaji wa kurasa za biashara watauona haraka: nyingi kwa hakika ni hadithi za mitaji. Mapema mwaka 1973, kabla Secretariat hajashinda hata moja ya zile mbio tatu, baba wa mmiliki wake Penny Chenery alifariki na familia ikakabiliwa na kodi ya mirathi. Haki za kumtumia farasi huyo kwa uzalishaji ziligawanywa katika hisa 32, kila moja ikauzwa kwa dola 190,000. Jumla ilikuwa dola milioni 6.08, rekodi kwa wakati huo. Wanunuzi walilipia kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa, kutoka kwa farasi ambaye bado hakuwa amejidhihirisha kikamilifu. Hapo ndipo msisimko wa filamu ulipo hata kwa mtu asiyejua mbio: mwanamke aliyebeba dhamana ya fedha za watu, akisubiri mnyama amlipie.

Upande wa pili wa ngazi ya utajiri yuko Dream Alliance wa Wales. Jan Vokes, aliyekuwa akihudumu kwenye baa ya klabu ya wafanyakazi na kufanya usafi dukani, aliwashawishi wanakijiji wenzake wachange pauni 10 kwa wiki wamlee farasi wa mbio. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa zaidi; hicho ni chama, chenye wanachama, michango na mikutano. Farasi wao aliumia vibaya, akatibiwa, akarudi uwanjani na kushinda Welsh Grand National mwaka 2009. Hadithi hiyo ilizaa filamu ya kumbukumbu, “Dark Horse”, mwaka 2015, kisha “Dream Horse” ya mwaka 2020 iliyoigizwa na Toni Collette. Kwa kipimo cha makala haya, hiyo ndiyo hadithi bora ya biashara kuliko zote zilizotajwa hapa, maana inaonyesha watu wa kipato kidogo wakimiliki kitu kilichodhaniwa ni cha mabwana peke yao.

Australia nayo imefuata njia ya kiasi. “Ride Like a Girl” ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Rachel Griffiths, inamhusu Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda Melbourne Cup, mwaka 2015, akimpanda Prince of Penzance ambaye wacheza kamari walimpa nafasi 1 kwa 100. Kaka yake, Stevie, aliigiza nafasi yake mwenyewe. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 11 za Australia nyumbani, soko ambalo tangu mwanzo ndilo lililolengwa.

Somo kwa watayarishaji wetu

Afrika Mashariki ina mbio za farasi, hasa katika uwanja wa Ngong mjini Nairobi, lakini mchezo huo haujashika mizizi kwa umma. Utajiri wetu wa hadithi uko kwa wakimbiaji wa miguu miwili na kwa vijana wa mitaani wenye vipaji. Kanuni ya fedha ni ileile. “Queen of Katwe” ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, bingwa wa sataranji wa Uganda, ni filamu nzuri, yenye mapenzi ya kweli kwa Kampala. Iligharimu takriban dola milioni 15 na kuingiza karibu milioni 10 kwenye majumba ya sinema. Hadithi haikuwa na kasoro. Tatizo ni kwamba bajeti ilipimwa kwa soko la Marekani ambalo halikujitokeza.

Mwaka huohuo India ilitoa “Dangal”, kuhusu baba anayewafundisha mabinti zake mieleka. Bajeti ilikuwa ndogo kwa viwango vya Hollywood, na mapato yakakaribia dola milioni 300, zaidi ya nusu yakitoka China. Wachina hawakuvutwa na mieleka ya jimbo la Haryana. Walimtambua baba mkali na binti anayetaka kupumua.

Kwa mwekezaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini ni matatu. Haki za hadithi zimenunuliwa kwa maandishi kutoka kwa mhusika au mwandishi wake? Nusu ya tiketi za soko la nyumbani, pamoja na malipo ya jukwaa moja la mtandaoni, inaweza kurudisha gharama bila kusubiri muujiza wa nje? Na mtu asiyejua kanuni za mchezo huo atalia katika dakika gani ya filamu? Majibu yakiwa ya uhakika, weka fedha zako. Yasipokuwepo, hata farasi mwenye kasi kuliko wote duniani hawezi kuikokota bajeti mbovu hadi kwenye faida.