Kufa na Kuzikana: Sayansi ya Faraja Bagamoyo

Mateka aliyefikishwa Bagamoyo kutoka bara mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikuwa ametembea kwa miezi. Njaa aliijua, vidonda vya miguu alivizoea. Hasara iliyozidi zote haikuonekana kwa macho: pwani nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua yeye ni mtoto wa nani. Mwanasosholojia Orlando Patterson, mzaliwa wa Jamaika, aliiita hali hiyo kifo cha kijamii katika kitabu chake cha mwaka 1982. Mtu anapumua na kufanya kazi, ila hana wa kumtetea akionewa wala wa kumzika akifa.

Siku hizi sayansi inaweza kupima, kwa kiasi fulani, kifo cha namna hiyo kinaufanyia nini mwili. Lakini kabla ya vipimo, tuone watu wa Bagamoyo walifanyaje, maana majibu yao yalikuwa mawili na kutoka moja hadi jingine unafika kwa miguu.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walifungua misheni pembezoni mwa mji. Waliwaweka hapo watu waliokombolewa utumwani, baadhi wakiwa wamenunuliwa sokoni, wengine wametolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Wakaozeshwa, wakapewa pa kujenga na pa kulima, wakapata wasimamizi wa ubatizo, yaani jamaa wapya wa kuanzia. Haikuwa pepo. Maisha yalikwenda kwa kengele, kazi ya shamba ilikuwa ngumu na nidhamu kali, na aliyetaka kuondoka hakuondoka kwa urahisi. Aprili 1872 kimbunga kilekile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kiliipiga misheni nayo, wakajenga upya. Vita ya Abushiri na Wajerumani ilipowaka mwaka 1888, maelfu ya watu walikimbilia uwanja huohuo wa misheni.

Jibu la pili lilitoka kwa mtu aliyekuwa mtumwa mwenyewe. Yahya bin Abdallah, ambaye watu wanamjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akawa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, mmoja wa Waarabu wakubwa wa mji. Alisoma, akafanya biashara, akapata mashamba, na mwishowe akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, udugu wa Kisufi, ambayo kwa muda mfupi iliifanya Bagamoyo kuwa kituo chake kikubwa katika Tanganyika. Alifariki mwaka 1931, mwanawe Muhammad akashika nafasi yake, na maulidi yao yakaendelea kuvuta umati kutoka kila pembe ya nchi. Jambo la kushangaza si kwamba mtumwa aliweza kuwa sheikh. Ni kwamba wenye nasaba zao ndefu walikubali kukaa chini mkekani kwake.

Sasa vipimo. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake wa Marekani walikusanya tafiti 148 zilizofuatilia watu zaidi ya 308,000. Wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wapweke kwa asilimia 50. Tofauti hiyo inakaribiana na ile iliyopo kati ya anayevuta sigara na aliyeacha. Miaka minne kabla, James Coan alikuwa amewalaza wanawake 16 wenye ndoa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akawatishia kwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Walipokuwa peke yao, sehemu za ubongo zinazoshughulikia hatari ziliwaka. Waliposhikwa mkono na mtu wasiyemfahamu zilitulia kidogo. Waliposhikwa na waume zao zilitulia zaidi, hasa kwa waliokuwa na ndoa nzuri. Ubongo, kwa maneno mengine, unapokadiria ukubwa wa hatari unahesabu pia nani yuko karibu.

Hapo dini bado haijaingia. Inaingia kupitia mapafu.

Luciano Bernardi, daktari wa Pavia nchini Italia, alichapisha mwaka 2001 utafiti mdogo ambao naupenda kuliko tafiti nyingi kubwa. Aliwafunga watu 23 vipimo vya moyo na pumzi, akawaambia wasali rozari kwa Kilatini, kisha wakariri maneno ya yoga. Katika hali ya kawaida mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Waliposali walishuka hadi mara sita hivi, bila kuambiwa wapunguze. Salamu Maria moja, nusu ikisomwa na kiongozi na nusu ikiitikiwa, ilichukua kama sekunde kumi.

Sekunde kumi hizo zina maana yake mwilini. Katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua kuna vihisio vinavyoupa ubongo habari za msukumo wa damu, nao ubongo unaamrisha moyo uongeze kasi au upunguze. Mawimbi ya mzunguko huo yanajirudia kila baada ya sekunde kumi, takriban. Pumzi ikienda kwa mwendo uleule, mambo mawili yanapatana, moyo unakuwa mwepesi kujirekebisha na mwili unatoka katika hali ya kujihami. Bernardi aliongeza dokezo la kihistoria: kwa maoni yake rozari ilifika Ulaya kupitia wapiganaji wa Msalaba walioiona kwa Waarabu, nao Waarabu waliipata kutoka mashariki zaidi, India na Tibet. Katika mji wa Bagamoyo, ambako mwenye tasbihi na mwenye rozari wanapanda daladala moja, dokezo hilo halimshtui mtu.

Zikri ya Kadiria, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja, ni habari nyingine kabisa, na msomaji aliyewahi kuiona atakuwa ameshaanza kubisha kwamba pale hakuna pumzi ya polepole. Ni kweli. Watu husimama bega kwa bega, duara au safu zinazotazamana. Kiongozi anaanza taratibu, kalima inatamkwa yote, miili inainama na kuinuka pamoja. Kasi inapanda. Maneno yanaanza kukatwa, neno linabaki silabi, silabi inabaki mvumo unaotoka kifuani, na kanzu zinaloa. Anayechelewa kuinama anasukumwa na bega la mwenzake hata bila kukusudia. Mzee aliyeingia na fimbo anaisahau ukutani.

Hii ni kazi ya misuli inayofanywa kwa mwendo mmoja, na kipimo chake kilipatikana kwa wapiga makasia. Emma Cohen, Robin Dunbar na wenzao wa Oxford waliwachukua wanariadha 12 wa timu ya makasia ya chuo, wakawafanyisha zoezi kwenye mashine kwa dakika 45, siku nyingine mmoja mmoja, siku nyingine kwa pamoja. Kila baada ya zoezi waliwafunga mkanda wa kupimia presha na kuubana mpaka mtu aseme inauma. Nguvu waliyotumia ilikuwa ileile, ila waliopiga makasia pamoja walivumilia maumivu kwa kiasi kikubwa zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba ubongo ulimwaga endofini nyingi zaidi, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea. Wavuvi wanaosukuma jahazi kuliteremsha majini huku mmoja akiita na wengine wakiitikia wangeweza kuwaeleza wanasayansi hao jambo hilo bure.

Swali linalobaki ni kama inatosha kuwa katikati ya watu, wowote wale. Dimitris Xygalatas, mwanaanthropolojia wa Kigiriki, na Ivana Konvalinka walikwenda San Pedro Manrique, kijiji cha Hispania ambako kila Juni watu wanatembea juu ya makaa ya moto. Waliwavalisha vipimo vya mapigo ya moyo wanaokanyaga makaa na watazamaji pia. Moyo wa anayetembea na moyo wa ndugu au rafiki aliyekaa tu akitazama ilipanda na kushuka sambamba. Mioyo ya watalii waliokuwa uwanjani hapohapo haikufuata. Matokeo hayo ya mwaka 2011 yananiambia kwamba mkusanyiko peke yake haufui dafu. Mnaokusanyika lazima muwe mnadaiana kitu.

Na pwani watu wanadaiana. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakitekeleza baadhi, wengine wote wamesamehewa, asipotekeleza yeyote, dhambi ni ya wote. Sijui kama kuna mkataba wa bima uliowahi kuandikwa kwa ukali kiasi hicho. Juu ya msingi huo kuna vyama vya kufa na kuzikana, kuna ubani unaotolewa matangani na kuandikwa kwenye daftari na kijana mwenye hati nzuri. Upande wa Wakatoliki kuna jumuiya ndogondogo zinazosali nyumba kwa nyumba kila wiki na kujua nani amelazwa. Mafundisho ya zamani yanataka majirani wapeleke chakula kwenye msiba, si msiba ulishe mtaa. Siku hizi mara nyingi ni kinyume chake, na wajane wengine wanatoka matangani na deni la pilau.

Wachumi walijaribu kuona kama misaada hii inafanya kazi kweli au ni sifa tu tunazojipa. Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walizifuatilia kaya zote za kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, kaya 119, wakiuliza nani humsaidia nani. Kaya ilipopigwa na ugonjwa, chakula chake kwa jumla kililindwa na kijiji. Matumizi mengine hayakulindwa kwa kiwango hicho: hapo kilichosaidia ni mtandao wa mtu mwenyewe, ndugu na marafiki. Vyama vya kuzikana vya kijiji hicho navyo vimeandikiwa makala za kitaalamu.

Basi je, imani yenyewe inaponya? Herbert Benson na timu yake walilijaribu hilo moja kwa moja kwa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani. Baadhi waliombewa na watu wasiowajua, walio mbali. Matokeo yalitoka mwaka 2006: maombi hayakuleta tofauti, na waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo kidogo zaidi, asilimia 59 dhidi ya 52 ya walioombewa bila kuwa na uhakika. Wapinga dini walishangilia. Mimi naona kilichopimwa pale si kile ambacho mtu wa Bagamoyo anakiita kuombewa. Kwake, anayekuombea amekuja, amevua viatu mlangoni, ameketi, ameuliza dawa unakunywa saa ngapi, na akiondoka ameacha kitu chini ya mto.

Upande wa pili, wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 16 walionyesha kwamba waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kufa mdogo kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Watafiti waliondoa kadiri walivyoweza athari za umri, sigara na afya ya awali. Hata hivyo anayeweza kutoka nyumbani kwenda ibadani mara mbili kwa wiki si sawa na asiyeweza kushuka kitandani, na hakuna hesabu inayoifuta tofauti hiyo yote.

Kukusanyika huku kuna bei yake. Kinachopitisha faraja kifua kwa kifua kinapitisha na maradhi. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilizoa watu Unguja na mwambao, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alikiandikia kitabu akionyesha kilivyosafiri na misafara na majahazi, yaani na watu wanaotembeleana na kufanya biashara. Machi 2020 watu 61 walikutana kwa mazoezi ya kwaya katika jimbo la Washington, Marekani, kwa saa mbili na nusu. Waliougua walifika 53, wawili wakafa. Mwezi uliofuata Tanzania ilitangaziwa siku tatu za maombi ya kitaifa dhidi ya korona, na nyumba za ibada zikabaki wazi. Mjadala wa wakati ule ulikuwa kana kwamba lazima uchague kati ya moyo na mapafu. Ilikuwa inawezekana kusali nje, chini ya mwembe, kwa nafasi na bila kuimba kwa sauti ya juu, na wapo waliofanya hivyo.

Jaribio ninaloliona la maana zaidi kwa ukanda wetu lilifanyika Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, maeneo yaliyopukutishwa na ukimwi. Watu wenye dalili za sonona waliwekwa katika vikundi vya majirani, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mwenyeji aliyepewa mafunzo mafupi. Hapakuwa na vidonge. Ripoti ya Paul Bolton na wenzake ya mwaka 2003 inasema kwamba walioingia vikundini walianza asilimia 86 wakiwa na sonona kali, wakamaliza wakiwa asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi walishuka kutoka 94 hadi 54.7 tu.

Bagamoyo ina kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara, kilichoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kwa hiyo utafiti si mgeni mjini. Vikundi navyo vipo, vina wenyeviti, vina daftari. Anayebaki nje ni mvuvi wa dago, anayehama na upepo kutoka kambi hadi kambi ya mwambao. Chama cha kuzikana kinataka ada ya kila mwezi, na yeye mwezi ujao huenda yuko Mafia au Kilwa. Msikitini atapata nafasi safuni jioni ileile anayoteremka chomboni, na hapo hadaiwi ada.