Kaburi la Papa lililobaki kwenye karatasi

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kuwa maneno ya mdomo hupeperuka, karatasi hubaki. Michelangelo, mchongaji mashuhuri wa Italia, aliyajua hayo miaka 500 iliyopita.

Mwaka 1505 Papa Julius II alimwita Roma amjengee kaburi. Fundi alikuwa na miaka 30. Mpango ulikuwa jengo la kusimama peke yake, lenye sanamu kama 40 za marumaru.

Kabla ya kugonga jiwe, alichora. Mchoro ulimwezesha tajiri kuona anachonunua. Mmoja uko katika makumbusho ya Metropolitan, New York, nao hutajwa kuwa wa 1505 au 1506. Unaonyesha namna nyingine, kaburi la kuegemea ukuta: malaika wanamwinua Papa, Bikira Maria na Mtoto wakiwa juu.

Michelangelo alikaa zaidi ya miezi minane huko Carrara akichagua mawe. Aliporudi, fedha za Papa zilikuwa zimeelekea kwenye kanisa jipya la Mtakatifu Petro. Mwaka 1506 akaondoka Roma kwa hasira.

Papa alifariki 1513. Warithi wake wakaandika mkataba mpya, dukati 16,500. Mwaka 1516 ukaja mwingine, kaburi likapunguzwa. Ikafuata ya 1532 na 1542. Fundi alilaumiwa kuwa amekula fedha bila kumaliza kazi. Sisi tuliorejea na kukuta mashamba yana madai ya ndugu, tunaielewa kesi ya namna hiyo.

Kaburi lilisimamishwa mwaka 1545 katika kanisa la San Pietro in Vincoli, fundi akiwa na miaka 70. Lina sanamu kubwa saba. Musa, Lea na Raheli ni kazi ya mkono wake. Sanamu za mateka zilizoachwa nje ziko Paris na Florence. Papa mwenyewe hakuzikwa humo. Yuko Mtakatifu Petro.

Basi ukitaka kuona kaburi lililoahidiwa, tazama michoro. Ule wa 1513, ulioko Berlin, umechakaa hadi sura hazionekani vizuri. Tunaufahamu kwa sababu mchoraji Jacomo Rocchetti aliunakili.

Msomaji, na wewe mwenye hati ya shamba au ya mzigo, je, umetoa nakala?